Wimbo Uliotoka Zizini

Asubuhi ile kahawa ilichelewa kwa sababu Aslaug alikuwa akitafuta miwani yake, nayo ilikuwa kichwani mwake. Gjermund aliiona. Alinyamaza. Alitaka kujua itachukua muda gani.

"Unaiona, siyo?" Aslaug aliuliza bila kugeuka.

"Nini?"

"Miwani."

"Iko kichwani."

"Tangu lini?"

"Tangu tuamke."

"We mzee una roho mbaya," akasema, akaishusha puani.

Ilikuwa Jumatano, katikati ya Machi. Theluji ya uani ilikuwa ikiyeyuka mchana na kuganda usiku, na Aslaug alikuwa ameshamwaga majivu ya jiko njia nzima ili wasiteleze, kutoka mlango wa jikoni mpaka ngazi ya ghala. Walikula mkate mwembamba na jibini la kahawia. Aslaug alikula amesimama, nyonga imeegemea jiko. Miaka thelathini alipika katika nyumba ya wazee kule chini bondeni, na kazi ile ilimwondolea desturi ya kukaa mezani. Gjermund alikuwa akisikiliza hali ya hewa redioni.

"Gjermund."

"Mm."

"Mtu akikupa kitu, na mwenyewe hajui kama amekupa, huo ni wizi?"

"Ni wizi."

"Hata kama hakupungukiwa na kitu?"

"Huo ndio mbaya zaidi. Mwenyewe hata hajui alie saa ngapi."

Aslaug alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Ungekuwa hakimu, bonde zima lingelala jela."

Kisha akachukua kisanduku cha fidla, akachukua simu yake, akatoka. Gjermund alimwona dirishani akikanyaga majivu yake mwenyewe, taratibu, mpaka ghalani. Akafunga mlango. Kila Jumatano, saa tano kasoro, aliufunga mlango ule.

Kesho yake kabla ya chakula cha mchana Aslaug alikaa kwenye ngazi ya ghala kufunga kamba ya kiatu. Hakuinuka tena.

Hayo ndiyo mazungumzo yao marefu ya mwisho. Gjermund aliyarudia maneno yale kama mtu anayepekua mifuko ya koti moja kila siku. Wizi gani? Wa nani? Mtu hamuulizi mumewe habari za wizi hivihivi, mkate ukiwa mdomoni.

Mambo ya ghalani yalianza mwaka ule wa maradhi, watu walipokatazwa kukutana. Kikundi cha wapiga fidla cha bonde lao kilikuwa kikikutana ukumbini kila Jumatano tangu enzi za babu zao. Ukumbi ukafungwa. Sveinung, fundi bomba, ambaye ndiye aliyekuwa akikiongoza, akasema tutafanyia mtandaoni. Wazee wakacheka. Baada ya mwezi mmoja hakuna aliyecheka. Jumamosi walirusha muziki, kila mtu akiwa jikoni kwake. Watoto walifundishwa kupiga mguu chini kwa mdundo, na majirani wa ghorofa za mjini wakalalamika. Na Jumatano kulikuwa na somo la fidla kwa yeyote anayetaka, na mwalimu mmojawapo alikuwa Aslaug.

Aslaug! Aliyeanza fidla akiwa na miaka arobaini na sita. Aliinunua mnadani kwa mjane mmoja, fidla ya kwao yenye nyuzi nane, nne za kupigwa na nne za chini zinazoitikia zenyewe bila kuguswa. Dukani walimtania kwamba kondoo wa Gjermund watahama. Hakujali. Karatasi za muziki hakuzijua, alisikiliza tu. Akisikia wimbo mara tatu alikuwa nao. Akisikia mara nne alikuwa na kikohozi cha mpigaji pia.

Maradhi yalipokwisha ukumbi ukafunguliwa, lakini masomo ya mtandaoni hayakukoma. Watu wa mbali walikuwa wamenogewa. Aslaug akaendelea kwenda ghalani.

"Kwa nini ghalani?" Gjermund aliwahi kumuuliza. "Jikoni kuna moto."

"Mtandao unashika vizuri kule."

"Na mlango unafungwa kwa nini?"

"Baridi, mzee wangu."

Hakuamini. Siku moja alipita karibu akijidai kutafuta koleo. Kupitia ufa aliona simu imeegemezwa kwenye kreti la unga, na Aslaug mbele yake amenyoosha mgongo kama yuko kanisani. Alimsikia akisema, "Hapo nyanyueni mkono. Msiogope kimya." Kisha akacheka na watu ambao Gjermund hakuwaona. Akaondoka na koleo. Hakuuliza ni mkono gani, wala kimya gani. Aliona tu kwamba mke wake ana kicheko kingine, cha huko ndani.

Na yeye hakuwa na haki ya kuuliza sana, kwa kuwa alikuwa na lake.

Baba yake, Leiv, alikuwa na wimbo mmoja. Nyimbo nyingine aliwapigia watu, arusini na popote. Huu hakuupiga mbele ya mtu. Na hizo nyingine alizipiga amewapa watu mgongo ili wasione vidole. Ndivyo walivyokuwa wapigaji wa zamani. Babu yake Sveinung, jina lake Tallak, inasemekana alilala chini ya dirisha la Leiv usiku mzima wa Januari akitega sikio, mpaka ndevu zikagandana na ukuta, ikabidi zikatwe kwa mkasi. Aliondoka na nusu ndevu, na wimbo hakuupata. Leiv alipokuwa anakufa alimshika Gjermund mkono: "Huu hautoki nje ya mlango huu." Gjermund akaitikia.

Hakupata mtoto wa kumwachia. Alibaki nao. Fidla ya baba yake aliificha kwenye kasha la nafaka zizini, imeviringishwa blanketi la sufu, na kila jioni alipokwenda kuwaangalia kondoo aliupiga mara moja, mlango umefungwa, akarudi ndani kula viazi.

"Naenda kuwaangalia kondoo," alikuwa akisema.

"Nisalimie," alikuwa akijibu Aslaug.

Miaka arobaini. Hakuuliza hata siku moja fidla ya baba mkwe ilikwenda wapi. Hilo peke yake lingemtia shaka mtu mwenye akili.

Alipomzika, Gjermund alikataza muziki. Sveinung alikuja na kofia mkononi, akasema kikundi kingependa kumpigia Aslaug. Gjermund akasema hapana. Hakutoa sababu, na sababu hasa hakuijua. Alihisi tu kwamba watu wale wana kitu chake.

Mwezi wa Juni alikwenda dukani kununua chumvi ya kondoo. Turid mwenye duka alikuwa ameinamia simu yake kwenye kaunta, machozi yanamtoka.

"Wewe umefiwa na nani?" Gjermund akauliza.

"Gjermund! Wanafunzi wa Aslaug hawa. Wamempigia kumbukumbu. Tazama walivyo wengi, mpaka Japani huko."

"Sitazami vitu vya simu."

"Basi sikiliza."

Akaongeza sauti. Gjermund alishika kaunta.

Ulikuwa wimbo wa baba yake.

Haukufanana nao, ulikuwa wenyewe. Uzi wa sauti nzito kabisa umekazwa ukapanda, kama Leiv alivyoukaza. Mwanzo kama mtu anayepanda kilima na mzigo. Na wimbo ulipofika mgeuko wake wa tatu, simu nzima ikanyamaza. Pigo moja. Kimya. Kisha wimbo ukaendelea.

"Rudisha hapo," akasema.

"Si ulisema hutazami?"

"Rudisha, Turid."

Akarudisha. Safari hii Gjermund alitazama. Vijisanduku thelathini kiooni, na kila kijisanduku kina mtu na fidla, vijana kwa wazee. Walipofika mgeuko wa tatu, wote thelathini wakanyanyua upinde wa fidla, wakangoja, wakaushusha.

Aliondoka bila chumvi.

Leiv hakuwa na kimya kile. Kimya kile kilikuwa cha Gjermund. Mwaka wa tisini na nne gogo lilimpiga bega la kulia msituni. Daktari akasema limepona, naye akasema limepona, kwa Aslaug na kwa wote. Halikupona. Kila alipofika mgeuko wa tatu lilimchoma kama kisu, ikabidi anyanyue upinde, avute pumzi, aendelee. Hakumwambia mtu. Lilikuwa kosa lake, walilijua yeye na kondoo tu.

Kwa hiyo mwizi hakuiba kwa Leiv. Mwizi alimsikia yeye, baada ya mwaka wa tisini na nne. Alikuja karibu na zizi. Alikuja mara nyingi.

Aliendesha trekta kurudi nyumbani akihesabu watu kichwani. Wa kwanza alikuwa Sveinung. Damu haipotei. Babu alilala dirishani, mjukuu ameshindwa nini? Tena fundi bomba huingia popote. Alikuja mara mbili kuziba bomba la maji zizini, akakaa sana. Bomba moja linazibwa siku mbili? Mkata manyoya alikuja kila mwaka, lakini yule ni kiziwi wa sikio moja. Daktari wa mifugo alikuwa na haraka siku zote.

Hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja zizini, akasimama mahali anaposimama kila jioni, akatazama kuta kama hakimu. Ukuta wa mashariki ni wa mawe. Ukuta wa kaskazini umezibwa na nyasi. Wa magharibi ni wa mbao, na nyuma yake ni banda la kuni.

Alizunguka akaingia banda la kuni. Kuni alizipanga yeye, kuziingiza nyumbani ilikuwa kazi ya Aslaug. Nyuma ya rundo la tatu kulikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Hapo palikuwa na kigoda cha kukamulia ambacho alidhani kimepotea tangu walipouza ng'ombe. Juu yake kipande cha mkeka kimekunjwa mara mbili. Chini yake kikombe cha mstari wa bluu, kile kilichokosekana kabatini miaka na miaka, na Gjermund alimshuku dada yake. Na ukutani, usawa wa sikio la mtu aliyekaa, tundu la fundo la mbao limezibwa kwa sufu. Akaivuta. Ilitoka kwa urahisi, kama kizibo kilichozoea. Ukingo wa tundu ulikuwa laini kwa kuguswa.

Akainama, akachungulia. Aliona mahali pake mwenyewe pa kusimamia.

Alikaa kwenye kigoda. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na yeye alikuwa amelala naye kitanda kimoja miaka arobaini na minne. Nisalimie kondoo!

Siku ya pili alikwenda ukumbini. Sveinung alikuwa chini ya sinki la jikoni, miguu tu ndiyo iliyoonekana. Gjermund aliisemesha miguu.

"Toka huko."

"Nani huyo?"

"Mwenye wimbo."

Spana ikanyamaza. Miguu haikutoka.

"Turid alinipigia," Sveinung akasema kutoka chini. "Alisema umesahau chumvi yako."

"Kumbe mnaongea."

"Bonde lina watu mia tatu, Gjermund. Tutaongea na nani, samaki?"

"Mmeuandikaje?"

"Nini?"

"Usinifanye mtoto. Wimbo. Kwa jina la nani?"

Sveinung akajikokota nje, uso una kutu. Akakaa sakafuni. "Kwa jina la Aslaug."

Basi. Kwa watu wa bonde lile wimbo hauulizwi nani kautunga. Unaulizwa umeupata kwa nani. Kabla ya kuupiga unamtaja, na usipomtaja, hata upige kama malaika, wewe ni mwizi. Na hapa wimbo wa Leiv unatembea duniani kwa jina la Aslaug, kana kwamba ulianzia kwake. Gjermund alihisi ubaridi, kama amefungua mlango wa nyumba akakuta kuna wageni wamekaa.

"Ulikuwa wa baba yangu."

"Najua sasa. Sisi tuliupata kwa Aslaug, tukaandika Aslaug. Ndiyo desturi, unaijua kuliko mimi. Yeye aliupata kwa nani, alimtaja mwenyewe, mwanzo wa somo lililorekodiwa."

"Alimtaja nani?"

"Kasikilize."

"Sema wewe."

"Siwezi."

"Alimtaja babu yako, eeh? Tallak na ndevu zake?"

Sveinung akacheka, kisha akaona kwamba mwenzake hacheki. "Maneno ya marehemu hayasemwi na fundi bomba. Somo lipo. Lina dakika arobaini. Hayo unayoyataka yako dakika ya kwanza."

"Mtu asiyetaka kusema ana cha kuficha."

"Cha kuficha, mimi? Wewe uliyefungia wimbo na kondoo miaka arobaini? Mficha uchi hazai, Gjermund."

Akajiuma ulimi, lakini lilikuwa limeshatoka. Bonde zima lilijua Gjermund na Aslaug walikwenda mara ngapi kwa madaktari wa mjini, na walirudi na nini. Maji yalidondoka kwenye ndoo. Gjermund akavaa kofia.

"Liondoe," akasema. "Somo lile na ile kumbukumbu ya simu. Yote."

"Nisamehe. Sikukusudia..."

"Liondoe."

Sveinung akasimama, akafuta mikono kwa kitambaa muda mrefu kuliko kutu ilivyohitaji. "Nitaliondoa. Wewe ndiye mwenyewe. Likiondoka halirudi tena, na yeye hayupo wa kulirudia. Nipe mpaka Ijumaa, saa sita mchana. Usiponipigia simu kunizuia, naliondoa. Lakini chukua hii." Akatoa kwenye begi lake la spana tableti yenye kioo kilichopasuka pembeni. "Unagusa hapa tu. Kwingine popote usiguse."

Gjermund hakutaka kuichukua. Aliichukua.

Jumatano na Alhamisi tableti ilikaa juu ya meza ya jikoni, kifudifudi. Alikula akiitazama. Aliwaza kwamba Aslaug atasema ni wake mwenyewe. Au atasema ni wa Leiv, na hapo kiapo kimevunjwa kwa jina. Au atamtaja Tallak, na hilo litakuwa jibu la swali la asubuhi ile, kwamba alijua ni wizi akampa mwizi mwenzake. Lipi baya zaidi? Na nyuma ya hayo kulikuwa na jambo jingine ambalo hakulitazama moja kwa moja. Hajaisikia sauti yake tangu Machi. Itatoka humo, ataisikia, kisha itakwisha.

Alhamisi jioni hakwenda kupiga. Aliwalisha kondoo, akatazama ukuta wa magharibi, akarudi.

Ijumaa saa tano kasoro aliichukua tableti, akatoka mlango wa jikoni. Njia ya ghala ilikuwa kavu, nyasi zimeota pembeni, lakini katikati kulikuwa na mstari wa kijivu ambao mvua haikuumaliza. Aliukanyaga. Kwenye ngazi hakukaa. Aliingia ndani, akafunga mlango. Hakukuwa na baridi. Aliufunga tu.

Kreti la unga lilikuwa palepale. Aliegemeza tableti mahali pa simu, akasimama mbele yake, kisha akaona kwamba kusimama ni kujidai, akakaa juu ya gunia. Mfukoni alikuwa na karatasi yenye namba ya Sveinung. Saa ya mkononi ilisema saa tano na dakika nne. Akagusa pale alipoambiwa aguse.

Aslaug alitokea. Nyuma yake ilikuwa rafu hiihii, na ndoo hiihii. Miwani iko kichwani. Alikaribia kioo mpaka pua ikajaa, akarudi nyuma, akakaza uzi mmoja, akausikiliza, akalegeza kidogo.

"Mnanisikia? Haya. Huyo wa mwisho azime redio, naisikia mpaka huku." Alingoja. Akaweka fidla kidevuni, akaitoa tena. Gjermund aliijua ishara ile. Alifanya hivyo kabla ya kusema jambo alilolifikiria siku nyingi. Akamwinamia Gjermund, hivyo ndivyo ilivyoonekana, ingawa aliinamia simu yake tu, akasema:

"Huu nimeupata kwa Gjermund, mume wangu, kupitia ukuta wa zizi. Hajui kama amenipa, na mimi sijapata ujasiri wa kumwambia. Pale anaponyanyua mkono, nanyi nyanyueni, msiparuke. Bega lake linamuuma pale."